Saini ya Mzee Nassor

Mwezi uliopita tulimsomea hitma Bi Zena huko Kikwajuni, nyumbani kwa Sauda, mtoto wa ndugu yake. Nilifika mapema nikasaidia kuchambua mchele, na kabla ya kugawiwa juzuu Sauda alinishika mkono akanitambulisha kwa wageni wake. Alisema, "Huyu ndiye Mwalimu Mize. Ndiye aliyekuwa macho ya Mzee Nassor." Wanawake wakanitazama kwa ule upole wa kumtazama mtu aliyetenda wema, na mmoja wao, ambaye sikumjua, akaniombea dua hapo hapo. Niliinamisha kichwa nikaitikia amin. Chakula kilipokuja nilikula matonge mawili tu, na Sauda akadhani ni huzuni ya msiba. Huzuni ilikuwepo, lakini Bi Zena alikuwa ameishi umri mrefu na amekufa kitandani kwake, akisomewa Yasini. Kilichonizuia ni kwamba yeye ndiye alikuwa mtu wa mwisho aliyeishi nami katika nyumba ile, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na saba. Sasa hakuna aliyebaki wa kunikanusha ninaposifiwa, na kusifiwa kwa jambo lile ni kitu ambacho siwezi kukizoea.

Nilikuja mjini kutoka Bwejuu kusoma kidato cha tatu, na Mzee Nassor na Bi Zena wakanipokea. Hawakuwa na mtoto. Walikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe iliyokuwa na ngazi zenye giza hata mchana, na chumba changu kilitengwa na chao kwa ukuta wa mbao usiofika kwenye dari, kwa hiyo kila neno walilosema lilinifikia, nikitaka nisitake. Ulikuwa mwaka wa foleni. Bi Zena akimaliza kusali alfajiri alijifunga buibui lake akaenda kupanga foleni ya mchele, na mara nyingi alirudi saa nne na kikapu cha muhogo. Aliupika kwa nazi, akatia papa mkavu, na akitupakulia alikuwa akisema tule taratibu ili tumbo lisijue kuwa si wali. Siku aliyopata mchele alipika wali na borohoa, mchuzi mzito wa choroko, tukala sote watatu kwenye sinia moja ukumbini chini ya dirisha, na Mzee Nassor alinisogezea upande wangu mchuzi uliobaki, akijifanya ameshiba.

Mzee Nassor alikuwa karani wa mahkama ya kadhi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Hati za ndoa, za talaka, za mirathi, za kuuziana mashamba, zote zilipita mkononi mwake, na watu wazima wa mjini walikuwa wakisema kwamba hati yake huitambua hata kabla ya kuisoma. Saini yake ilikuwa kitu cha kutazama. Herufi ya kwanza ilisimama wima kama mlango, zilizofuata zikajipanga ndogo ndogo, na mkia wa herufi ya mwisho ukarudi nyuma kwa mzunguko mmoja ukalipigia mstari jina lote. Jioni baada ya kusali alasiri alinikalisha kwenye meza yake akanifundisha kuandika, maana aliona aibu kwamba mtoto anayelala nyumbani kwake ana hati mbaya. Alinipa nakala za zamani za hati zake niziige, ukurasa kwa ukurasa, hadi mkono wangu ukaanza kutembea kama wake. Alifurahi sana. Alimwita Bi Zena aje aone.

Lakini mwaka ule alikuwa akilalamika kwamba umeme hauna nguvu. Alisema zamani taa moja ilimtosha kusoma msahafu mzima, na siku hizi hata herufi kubwa zinamkimbia. Akanunua globu kubwa zaidi akaitundika juu ya meza. Baada ya mwezi akaongeza nyingine ukumbini. Aliwasha zote mbili hata saa kumi za mchana, na bili ikapanda, na yeye akailaumu ofisi ya umeme kwa kutuuzia moto hafifu kwa bei kali. Mimi niliamini. Bi Zena hakuamini. Usiku nilimsikia nyuma ya mbao akimbembeleza aende hospitali kuu kuonana na daktari wa macho, na yeye akimjibu kwamba macho yake hayana kitu, ila mji umeingia kiza.

Bili ya umeme aliilipa kwa hundi. Waliofanya hivyo walikuwa wachache, wengi walikwenda na fedha zao mkononi. Lakini pensheni yake ilikuwa benki, na nadhani pia kwamba hundi ile ndiyo karatasi pekee iliyobaki duniani iliyohitaji saini yake. Mimi nilijaza tarehe na kiasi, yeye akatia saini, kisha nikaipeleka nikitoka skuli. Mwezi mmoja, katikati ya masika, nilifika dirishani kwenye ofisi ya umeme na bili mpya, na karani akanambia ningoje. Alikuwa kijana anaitwa Masoud, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani. Akarudi na hundi yetu ya mwezi uliopita, imebanwa pamoja na kikaratasi kutoka benki. Alisema, bila kupunguza sauti, kwamba hundi imerudi kwa sababu saini hailingani na iliyoko benki, na kwamba mwenye akaunti atie saini yake mwenyewe, asimpe mtu mwingine amtilie. Tulikuwa na siku saba, la sivyo umeme utakatwa. Watu kwenye foleni walinitazama kama wanavyomtazama mwizi.

Nilisimama kwenye kibaraza cha duka nikaitazama ile hundi, mvua inanyesha. Ilikuwa saini ya Mzee Nassor, nilimwona akiitia. Lakini nilipoitazama kwa utulivu niliona kwamba ile herufi ya kwanza imelala, jina limepanda juu ya mstari kama ngazi, na mkia uliorudi nyuma umekata katikati ya herufi badala ya kupita chini yake. Hapo ndipo nilipofahamu habari ya globu. Ningeweza kurudi nyumbani nikamwambia. Nimeirudia njia ile kichwani mwangu mara nyingi sana, kutoka kibaraza kile hadi mlangoni kwetu, na kila mara ninapofika juu ya ngazi namwambia. Siku ile sikumwambia. Niliwakuta wanangoja chakula, hawakutaka kula bila mimi, na yeye akaniuliza kama risiti nimeipata. Nikasema hundi imerudi kwa kosa langu mimi, nimeandika kiasi kimoja kwa maneno na kingine kwa tarakimu.

Akacheka. Akasema, "Hundi haina huruma, mwanangu. Nikumbushe nikufundishe." Baada ya kula alikaa mezani chini ya globu yake kubwa, nikamwandalia hundi nyingine ya kulipa bili zote mbili, na akatia saini huku ameinama hadi pua inakaribia karatasi. Ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Aliukausha wino kwa uangalifu akanikabidhi kwa mikono miwili.

Walipolala mchana ule nilifungua mtoto wa meza nikachana karatasi nyingine kutoka kitabu cha hundi. Nilichukua hati moja ya zamani, nikaiigiza saini yake nyuma ya daftari langu la hesabu mara thelathini au arubaini, kisha nikaitia kwenye hundi. Haikunichukua muda. Yeye mwenyewe alikuwa ameufundisha mkono wangu. Ile aliyoitia yeye niliitumbukiza kwenye seredani ya Bi Zena, mkaa ulikuwa bado na moto, na nikaikoroga hadi ikawa majivu. Hundi ya uongo ilikwenda benki ikakubaliwa, na Masoud akanipa risiti.

Naliita jambo lile huruma, na kwa mwezi wa kwanza ilikuwa huruma. Lakini mwezi wa pili nilifanya tena, na wa tatu, na sitaki kujidanganya katika umri huu: nilianza kulipenda. Nilipenda kuona mkia ule unavyozunguka chini ya kalamu yangu. Nilipenda kuwa ndani ya nyumba ile mtu ambaye bila yeye taa zingezima, na kukaa kwenye sinia nikijua kitu ambacho wakubwa wangu hawakijui. Kila mwezi alitia saini, kila mwezi nikaichoma na kutia yangu. Bi Zena aliniona mara moja nimechuchumaa mbele ya seredani mchana, akaniuliza nachoma nini. Nikamwambia ni makaratasi ya skuli.

Kisha, baada ya masika kumalizika, ukaja usiku ambao napata tabu kuutaja. Bi Zena alikuwa amesikia kwamba daktari wa macho aliyeko hospitali ni hodari na hakai muda mrefu, na alimwomba mumewe kwa sauti ya kulia. Nilikuwa macho, nimelala chali, natazama ule upenyo wa mwanga juu ya mbao. Mzee Nassor alimjibu bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kupata hoja. Alisema, "Zena, benki ni watu wa kupima herufi. Kila mwezi naipelekea saini yangu, na kila mwezi wanaikubali. Kipofu angekubaliwa saini yake?" Nikamsikia Bi Zena anajigeuza kitandani. Mimi ndiye niliyekuwa na la kujibu, na mbao tu ndizo zilizokuwa kati yetu. Asubuhi nilikunywa chai, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaenda skuli. Mwezi ule nilitia saini tena.

Masika yalikuwa yameharibu paa letu, boriti mbili zimeoza, na kabla ya vuli kuanza Mzee Nassor aliamua kutoa fedha nyingi benki amlipe fundi. Kwa fedha za namna ile alitaka kwenda mwenyewe. Nilimwambia anitume mimi na hundi. Nilimwambia mara tatu, hata akashangaa. Alivaa kanzu, akavaa koti juu yake na kofia yake ya vito iliyodarizwa, akashika bega langu kwa mkono mmoja na bakora kwa mwingine, na tukateremka. Njiani alisalimiana na watu, na nikatambua kwamba aliwajua kwa sauti. Dirishani alitia saini mbele ya karani, kwa mbwembwe kidogo. Karani akaitazama, akaenda nyuma, na akarudi na mkubwa wake, bwana mmoja mnene mwenye adabu, ambaye alitukaribisha chumbani mwake akafunga mlango.

Alizipanga mezani hundi sita za umeme, na pembeni ile karatasi aliyotia saini Mzee Nassor sasa hivi. Alisema, kwa heshima, kwamba hizi sita zinalingana na saini iliyoko benki na hii moja hailingani. Alisema hajui nani kati ya hawa ndiye Mzee Nassor. Miaka ile ilikuwa si miaka ya mzaha. Mtu aliweza kuitwa na kuhojiwa kwa jambo dogo kuliko hilo, na mimi ndiye niliyetia zote sita zile za uongo kwenye akaunti ya mtu. Nikashika mgongo wa kiti. Mzee Nassor alinyoosha mkono akaziokota hundi moja moja. Alizisogeza karibu na jicho la kushoto, zikagusa kope. Mtu aliyeandika kwa miaka mingi hahitaji kuona sana. Nadhani aliijua hati ya mwanafunzi wake kabla hajafika hundi ya pili.

Yule bwana akauliza, "Hizi nani katia, Mzee?"

"Nimetia mimi," akasema Mzee Nassor. "Mkono wa mtu mzima una siku zake. Leo si siku yake."

Yule bwana alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye, na nadhani alifahamu akaamua kutofahamu. Alisema kwamba basi, kwa usalama wa fedha zake mwenyewe, kuanzia leo Mzee atatumia dole gumba, na hundi yoyote yenye saini haitapokewa. Akasogeza kidau cha wino. Mzee Nassor alikuwa amewashika watu wasiojua kuandika vidole vyao miaka yake yote ya mahkama, akiwaelekeza wapi pa kubonyeza, akiwafariji kwamba si aibu. Sasa yule karani wa dirishani, kijana, aliitwa chumbani, akamshika yeye dole lake, akalibonyeza kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi, na akamwambia si aibu. Mzee Nassor alitoa leso akajifuta, lakini wino ulibaki kwenye kucha kwa siku kadhaa.

Tulipotoka hakunishika bega. Alitembea akigusa ukuta. Tulipofika penye kivuli aliniuliza tangu lini, nikamwambia tangu ile iliyorudi. Akasema, "Kwa hiyo ile haikurudi kwa kosa lako." Nikasema naam. Watu walipita kati yangu na yeye, na akangoja wapite. Kisha akasema, "Ungenambia, Mize." Hakusema zaidi ya hayo, siku ile wala siku yoyote.

Wiki hiyo hiyo alikwenda mwenyewe hospitali bila kubembelezwa. Bi Zena na mimi tulikuwa naye chumbani. Daktari alieleza kwamba huu ni ugonjwa unaokula macho kutoka pembeni, polepole, mtu hajui, na ulichokula hakirudi. Dawa inaweza tu kulinda kilichobaki. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki na nafasi ndogo, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, na nayo haitadumu. Bi Zena akauliza kama wangekuja mapema. Daktari akasema hata masika yale, hata miezi sita nyuma, kungekuwa na kitu cha kuokoa. Mzee Nassor alisema alhamdulillahi. Nilitazama sakafu. Miezi sita ilikuwa ni hundi sita.

Hundi ya saba, ile niliyoipeleka ofisi ya umeme siku chache kabla ya sisi kwenda benki na ambayo haikuwa imefika huko bado, ilirudi kama yule bwana alivyosema, na safari hii hakuna aliyeniita dirishani. Alikuja fundi wa umeme na ngazi yake akakata. Mzee Nassor hakugombana naye. Kesho yake alinambia nimpeleke ofisini, na akaweka fedha taslimu mfukoni mwa koti. Kwenye dirisha la Masoud alizitoa akazihesabu kwa kuzipapasa, deni la hundi iliyorudi, na bili mpya, na ada ya kurudishiwa, na Masoud kwa mara ya kwanza alipunguza sauti. Alimwuliza Mzee kama kweli anataka kurudishiwa. Alisema watu wengi wakishakatwa sasa hulipa deni lao wakarudi kwenye kandili ya mafuta, ni rahisi zaidi, na kwa mtu mzima kama yeye, ambaye, samahani, haonekani kuhitaji sana taa. Alitaka kumsaidia.

"Rudisheni," Mzee Nassor akasema. "Nyumbani kuna mtoto anasoma."

Nilikaa nyumba ile mwaka na nusu zaidi, nikafaulu mitihani yangu, nikaenda chuo cha ualimu. Nilimsomea magazeti, nilimtilia dawa ya jicho asubuhi na jioni, nilimpeleka msikitini na kumrudisha, na hayo ndiyo Sauda aliyoyaona alipokuwa mdogo akija kututembelea, na ndiyo anayonisifia. Si uongo, niliyafanya. Kama Mzee Nassor alimwambia mkewe kuhusu hundi, sijui. Bi Zena hakuwahi kunigusia, na mpaka anakufa alinipikia borohoa nikienda kumwona. Mara nyingi, nikiwa nimekaa naye, neno lilinifika ulimini, na mara zote nililimeza na tonge.

Fundi alirudi siku mbili baada ya kulipa. Ilikuwa kama saa tisa za mchana na madirisha yote yalikuwa wazi, jua limejaa ukumbini. Alifanya kazi yake kwenye ngazi za chini kisha akapiga kelele kwamba tayari. Bi Zena alikuwa jikoni. Mzee Nassor alikuwa amekaa kwenye kiti chake mezani, chini ya ile globu kubwa, uso ameuinua juu. Nikabonyeza swichi.

"Jee, imewaka?" akaniuliza.

"Imewaka," nikasema, na ilikuwa imewaka kweli.

Aliitikia kwa kichwa, kwa shukrani. Kisha akageuza uso upande wa jikoni, akamwita Bi Zena aje, akamwuliza yeye pia.